Sikulitaja Jina Lako Mkutanoni

Shoga yangu Tatu,

Kwanza pokea Fatiha yangu. Nimetoka kukusomea asubuhi hii, nikang'oa na majani yaliyokuwa yameanza kukuingilia miguuni. Huku Mkuyuni tu wazima. Upepo umeangusha migomba kidogo, lakini ndizi zipo, na mananasi ya msimu huu ni matamu mpaka nyuki wanagombana na wateja.

Mambo yamebadilika, mwenzangu. Ile ruksa ya biashara uliyoiona ikianza sasa imekomaa. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni tangu alfajiri, leo ipo ya kila rangi, na muuzaji ndiye anayekubembeleza. Mitumba usiseme. Na mikutano! Vyama vimekuwa vingi, kila mara kuna mtu na kipaza sauti uwanja wa shule. Ungenenepa, Tatu. Wenzio walipenda ngoma, wewe ulipenda hotuba.

Nakumbuka tulivyokuwa tukirudi, vikapu kichwani, unawachambua wasemaji kama unachambua mchicha. Mtu akiliacha swali na kumsema aliyeuliza, ulikuwa unasema, "Huyo kamtukana mpishi, mboga hajaionja." Akijiliza jukwaani ili tumwonee huruma tusahau kuuliza, ulisema, "Vitunguu hivyo!" Nami nacheka mpaka kikapu kinayumba. Ila mbele za watu ulisema wewe tu. Mimi nilikuwa wa kukunong'oneza.

Sasa nikupe habari yenyewe. Unamkumbuka Maganga, Mnyamwezi mwenye duka la jumla, mtani wetu? Siku ya mazishi yako alilala njiani akalizuia jeneza mpaka akapewa jogoo. Basi huyo aliomba kijiji kimpe uwanja wa soko letu ajenge maduka. Sisi wauza matunda tuhamie ng'ambo ya daraja, kule mteremkoni. Kule, Tatu, ungemuuzia nani kama si kima? Mkutano ukaitwa.

Maganga anajua kusema, tusimpunje. Alianza na utani, kwamba Waluguru tumebeba ndizi kichwani mpaka shingo zimezama mabegani, ndiyo maana hatuoni mbele. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Na mtani hakasirikiwi, wajua mwenyewe. Kicheko hakijatulia, akapenyeza lake: "Basi ni mawili. Ama maduka, ama turudi kwenye foleni ya sabuni. Nani anataka foleni?" Nani angenyoosha mkono? Mwenyekiti akawa tayari kuwauliza wanaokubali.

Ndipo akasimama Mama Shabani, yule wa machungwa, kanga imemdondoka begani, analia. "Tatu angekuwa hai angekataa! Tumsikilize marehemu!" Lo! Watu waliinuka wote. Makofi, kelele, wengine wanalia naye. Maganga akabaki ameshika kofia. Tulikuwa tumeshinda, shoga. Nilichotakiwa ni kunyamaza tu, na sababu ya kunyamaza nilikuwa nayo, maana wanangu wanakula kwa kile kibanda changu cha sokoni.

Lakini wewe neno la maduka hukuwahi kulisema. Ulitutangulia kabla Maganga hajaliota. Nikaisikia sauti yako sikioni waziwazi: "Vitunguu." Nikachukia kweli. Hata ukiwa kaburini hunipi nafasi!

Nikasimama. Nikasema marehemu tumwache apumzike, hili hakuliachia neno, tuseme la kwetu. Makofi yakafa. Mama Shabani alinitazama kama nimemwaga uji wa mtoto, nami nikaona kibanda changu kinakwenda hivi hivi, na kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikakumbuka ulivyokuwa ukiniambia juu ya watani: cheka kwanza, ukishacheka uliza. Nikacheka. Nikamwambia, "Mtani, shingo fupi ndiyo inayobeba. Yako ndefu hiyo imebeba nini zaidi ya maneno?" Watu wakacheka, naye akacheka.

Kisha nikauliza. Nani kasema ni mawili tu? Foleni ya sabuni waliitengeneza wauza ndizi? Nyuma ya soko pana kichaka kitupu, maduka hayawezi kukaa hapo? Na magari ya Matombo yanasimama upande huu, abiria gani atavuka daraja kufuata nanasi? Asiposhuka kwa ajili ya matunda yetu, Maganga, dukani kwako ataingia nani?

Maganga alikuna kidevu. Ana mdomo yule, lakini hana roho mbaya. Akasema, "Mwanahawa, leo umeninyoa bila maji." Tukakubaliana palepale. Maduka yamejengwa nyuma, sisi tupo tulipokuwa, na biashara, alhamdulillahi, inakwenda. Hapa nakuandikia nikiwa nimekalia kigoda chako. Mguu wake mmoja bado unacheza.

Ila Mama Shabani alininunia. Juzi ndiyo kaja, kaniwekea machungwa mawili mbele yangu, akasema, "Soko tumelipata, lakini rafiki yako umemnyima sifa. Watoto wetu wangesema Tatu ndiye aliyelikomboa." Neno hilo limenichoma, Tatu, ndiyo sababu ya barua hii. Nalia ninapoandika, na haya si ya vitunguu. Nilitamani kulitaja jina lako, wallahi. Pale uwanjani nilikukosa kuliko siku tuliyokuzika. Lakini wangekupigia makofi kwa neno ambalo si lako, na wewe mwenyewe ungekuwa wa kwanza kuguna.

Basi nakuahidi. Sitakutia maneno mdomoni, wala sitamwachia mtu akutie. Mkutano ukiitwa nitasimama mwenyewe, na nikishindwa nishindwe kwa yangu.

Mungu akulaze pema. Nikimaliza kuuza nitapita tena kukuondolea majani yaliyobaki. Na kama unaona Mama Shabani ndiye mwenye haki, njoo ndotoni unipinge. Ila uje na hoja, shoga, usije na vitunguu.

Mwenzio wa kukunong'oneza,
Mwanahawa