Mama, Naifuata Miti Hadi Kaskazini

Mama,

Usishtuke. Matanga yako bado hayajaondolewa, nami binti yako wa kwanza nafunga mizigo.

Naenda kaskazini kabisa mwa dunia, pale msitu unapokomea na kuiachia barafu nafasi. Unakumbuka picha za setilaiti nilizokuwa nazifungua mezani kwetu hapa Cabramatta, wewe umetoka kazini Smithfield na miguu imevimba? Ulivaa miwani, ukasogea, ukasema, "Miti iko wapi? Mimi naona sombe tu." Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Sasa nikikiona kile kijani cha majani ya muhogo kazini nacheka peke yangu, halafu machozi yananitoka.

Tangu ututoke nimemaliza kulinganisha picha za zamani na za sasa. Kijani kimevuka mpaka wa msitu, hilo sina shaka nalo. Lakini kipande kimoja cha picha kinafunika ardhi kubwa kuliko nyumba yetu, na hakisemi kama ndani yake mna miti michanga au vichaka vya kufika magotini. Lazima mtu ashuke akatembee. Kazini wamenichagua mimi, Mama! Na kiangazi cha huko ni kifupi. Nikikikosa, atakwenda mwingine.

Dada yako, Tantine Furaha, alikuja na wamama wa kanisa la Lidcombe. "Unaenda na matanga ya mama yako haiyaisha? Ni heshima gani hiyo?" Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia kwamba ulinivusha mipaka mgongoni ili nisome, na kusoma kwenyewe ndiko huku. Mdogo wangu Espoir, uliyemsemesha Kiswahili miaka yote naye akikujibu Kiingereza, akaniita dada mkubwa kama ulivyomfundisha: "Just go, Yaya. We'll wait for you." Niende tu, watanisubiri. Tantine akalia sana. Kesho yake akaniletea soksi za sufu, bado amenuna.

Basi nakwenda, na siogopi. Nitavipita vile vipande kimoja kimoja kwa miguu yangu, na nitakachokikuta ndicho nitakachokisema, hata kama wakubwa wangu walitarajia kingine. Nikirudi tutaondoa matanga pamoja, na nitapika mwenyewe.

Pumzika, Mama. Tulizoea kusali jua likishazama, mimi na wewe. Huko niendako, majira haya, jua halizami. Nitakuombea hivyo hivyo, kweupe.

Mwanao,
Neema