Maji ya Boila

Kifaru, 3 Juni 2024

Mdogo wangu Reginald,

Hamjambo huko Ugweno? Sisi wazima, ila goti linanisumbua. Simu zangu hupokei, mwaka wa tatu huu, ndiyo maana nakuandikia.

Nimeunda boti ndogo ya mvuke, ya kujifurahisha uzeeni. Cheka tu. Pale bwawani Nyumba ya Mungu inaondoka vizuri, lakini haijafika mbali povu linapanda ndani ya boila, maji yanaingia kwenye injini, inagonga na kuzima. Narudi kwa kasia huku wavuvi wananitazama. Wewe ulikuwa fundi wa boila kiwandani, kwenye mkonge. Nisaidie.

Kaka yako,
Gadiel

Ugweno, 9 Juni 2024

Kaka, shikamoo.

Huku hatujambo. Pole na goti.

Maji ya bwawa hilo yana magadi, ndiyo yanayotoa povu. Unapika makande au unaendesha boti? Yamwage yote, kwangua ukoko ndani ya boila, na bomba la mvuke ulizungushie katani lisipoteze joto. Kisha utie maji ya mfereji wetu. Madumu mawili yatatosha kujaribia.

Ila sheria unaijua: asiyekuja msaragambo kuzibua mfereji na wenzake hachoti. Pembe italia Alhamisi, tarehe 20.

Mdogo wako,
Reginald

Ugweno, 21 Juni 2024

Kaka, shikamoo. Hali yako?

Jirani yako Athumani alifika jana na jembe lako na madumu yako. Ni mtu mwema. Tumempa chai, tumemrudisha na madumu matupu. Msaragambo haukodiwi mtu.

Hata mama ulimzika kwa kutuma rambirambi. Nilikusubiri mpaka mchungaji akanishika mkono, ndipo nikakubali afukiwe. Hilo limeniuma kuliko kifo chenyewe. Kazi haijaisha, tunarudi mferejini Alhamisi ijayo.

Mdogo wako,
Reginald

Kifaru, 24 Juni 2024

Reginald mdogo wangu,

Wote hamjambo? Goti langu ni zima, nilisingizia. Kilichonizuia ni aibu.

Tulipogombana kwa ajili ya ile migomba ya mpakani na mama akakupa wewe haki, nilimwambia sitakanyaga kwake tena. Akatangulia kabla sijamwomba radhi. Ningesimamaje kaburini mbele za watu, kila mmoja akijua nilichosema? Nikajificha huku, nikaunda boti.

Nakuja Alhamisi, mwenyewe, na madumu.

Kaka yako,
Gadiel

Ugweno, 28 Juni 2024

Kaka yangu, shikamoo. Ulifika salama? Migongo inatuuma wote, na watu wanakusifu kwamba jembe hujalisahau.

Tangu tulipotoka kaburini jana nina neno, nalisema hapa: nilikukumbuka mno, na yamekwisha. Mke wangu Beatha anasema hajawahi kuona wazee wawili wakilia hivyo huku wameshika majembe.

Madumu yako umeyaacha kando ya mfereji, yote mawili, yamejaa pomoni. Usihangaike kupanda tena. Nashuka nayo Jumatatu. Usiwashe moto kabla sijafika.

Mdogo wako,
Reginald