Mmea Uliokataa Mbolea

S.L.P. 312,
Amalemba, Kakamega.
19 Mei, 1996.

Mpendwa Nanjala,

Pokea salamu tele za shangazi yako. Habari za Garissa? Natumaini joto halijakuyeyusha na wanafunzi wako wanakusikia. Sisi tu wazima, mvua imetukubali na mahindi yamefika magotini.

Najua unachotafuta, basi tulia: mmea wako u hai. Ule uliouchimba kinamasini kabla baba yako hajakata mfereji wa kukikausha apande miwa, ukaniachia na kuondoka bila kumuaga. Uko dirishani kwangu katika sufuria iliyotoboka, majani mekundu yamejaa gundi, na usubi wa Amalemba wanakoma.

Lakini mwezi wa tatu nusura tuupoteze. Baba yako alikuja nikiwa kanisani, akauona umekonda. Akauhurumia kama mkulima wa miwa anavyojua kuhurumia: akautilia mbolea, kiganja kizima! Majani yakawa meusi. Nilimfokea kaka yangu bila haya, naye akabaki kushangaa, "Sasa mmea gani hii inakataanga mbolea?" Nikamwambia huu umezoea udongo maskini, chakula chake ni wadudu, ukiushibisha mizizini unauua.

Mimi sishindwi na mmea, unanijua. Nilimwaga udongo wote, nikaisuuza mizizi, nikaupanda upya kwa mchanga na tope kidogo lililosalia kinamasini. Tangu hapo unakunywa maji ya mvua tu, ya bomba hapana. Ukachipua, na sasa unatoa kikonyo cha maua.

Kila siku ya soko baba yako hupita kuutazama. Wewe hakutaji. Anauliza mmea umeamkaje, nami najua anamuulizia nani. Moyo wangu uliumia kwa jambo moja tu: mbegu zikikomaa tutazirudisha wapi, na kinamasi kimekauka?

Nyanya yako Navalayo anakusalimu, anauliza kama huko mnapata mboga. Andati na watoto wake pia wanakusalimu.

Baba yako hakutuma salamu. Ila juzi nilimkuta kule chini kinamasini, matope hadi mapajani, ameng'oa miwa yote ya ukingoni na anaziba mfereji. Maji yameanza kurudi. Njoo likizo ya Agosti, mwanangu, umwonyeshe pa kupanda.

Mungu akulinde uingiapo na utokapo.

Wako akupendaye siku zote,
Shangazi Gentrix