Bati la Jikoni

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa, na yule mbuzi mtundu hajavunja uzio tena. Na wewe mdogo wangu unayemsomea mama, soma polepole, ukifika kwenye aibu yangu usicheke. Mimi mzima, ila midomo imepasuka kwa baridi.

Kazi ni ile ile. Asubuhi natoka na koti la bosi linalonifika magotini, naangalia kipimajoto, napima mvua iliyoingia kwenye kopo, naangalia upepo, halafu naangalia kunaonekana mpaka wapi. Bosi anawapa habari kwa redio waongozaji walio chini, wale wanaopandisha watu mlimani. Ni mtu wa utani. Ananiita Bubu, anasema hata upepo unaongea kuliko mimi.

Hapo kwenye kuona mbali nilipewa alama: tangi la maji la shule. Likionekana, kuko wazi; lisipoonekana, kuna ukungu. Lakini mama, tangi nililiacha zamani. Nyuma yake kidogo, jua likitoka, bati la nyumba yetu linamemeta. Nikalifanya hilo ndiyo alama yangu.

Wiki iliyopita bati halikuwepo. Nikafuta darubini kwa shati, wapi. Nikaandika ukungu mzito. Waongozaji wakawazuia watu huko chini, wamekaa na mizigo yao jua linawachoma. Wakapiga redio wanauliza huo ukungu tunaupika wenyewe au vipi. Bosi akatoka na kikombe cha chai, akatazama mbingu, safi kama sahani iliyooshwa. Hakunigombeza. Akauliza, "Bubu, ukungu wako uko wapi?"

Nilitaka kusema macho yananiuma. Mdomo ukasema wenyewe, "Bosi, silioni bati la mama."

Kichwani nilishaiona nyumba imeungua. Na wewe nilishakuona, sitaki kuandika. Bosi akarekebisha taarifa, akawaomba radhi, akaomba mtu aende kuuliza nyumbani. Siku hizo nilishinda natazama njia. Ndipo mpagazi akaja na unga na jibu: mama mzima, kaka kapaka bati rangi ya kahawia lisipate kutu, limependeza kweli. Alicheka mpaka akatua mzigo. Mimi nikaingia stoo, nikalia juu ya magunia.

Mama, zile barua nilizosema nimezoea, sikumbuki nyumbani, nilikudanganya usije ukaniwazia. Nakumbuka sana. Kila asubuhi nilikuwa nakuamkia kwa macho kabla sijamsalimia mtu yeyote huku.

Sasa naangalia tangi, kama kazi inavyotaka. Lakini mwombe kaka, jikoni asipake, bati lile aliache hivyo hivyo limemete, nipate kuliona nikiwa huku. Likishika kutu, nitakuja kulisugua mwenyewe nikipewa ruhusa.

Msalimie kaka, na huyo mbuzi wako. Jua likitoka, simama mlangoni kidogo utazame huku. Mimi nitakuwa nimeshatoka.

Mwanao,
Bubu wa mlimani