Kifungu cha Desemba

Miami

Baba,

Shikamoo. Huku ni mvua tupu, na maharage ya hapa hayafui dafu kwa ya Mama.

Mkataba tumesaini! Ungemwona wakala wangu, Bi Nurys, yule mfupi ambaye akikaa kitini miguu inaning'inia. Klabu ilikubali yote, ila ikanikataza kucheza ligi ya besiboli ya nyumbani, Jamhuri ya Dominika, kila Desemba.

"Akiumia mkono je?" bosi wao akauliza.

"Mkono mmeununua kwa msimu wenu. Desemba ni ya kwao San Pedro. Hamtaki, semeni." Bi Nurys akabeba mkoba wake, akasimama.

Nikamnong'oneza, "Bi Nurys, utaniharibia!"

"Wee, nyamaza. Jana nimeongea na mama yako, yuko hospitali na mzee wako."

Nikaelewa kwa nini siku hizi simu yako anapokea Mama. Bosi naye akakiongeza kifungu cha kuniruhusu kucheza Desemba, jasho likimtoka.

Usimgombeze Mama. Nitakuja kurusha mpira, nawe utakaa palepale pako nyuma ya mdakaji, unizomee nikikosea. Mkataba wangu unasema Desemba, Baba. Na wewe nisainie kwamba utakuwepo.

Mwanao,
Wascar