Zege Lililokataa Kuvunjika

Buswelu, Jumatano, Novemba 1996. Mwaka wa pili tangu niondoke Songea. Mawingu yamekaa upande wa ziwa tangu asubuhi. Hayanyeshi, hayaondoki. Kama mimi.

Niseme ukweli: maji niliongeza mimi.

Mhandisi anajaribu kipande cha barabara ya zege mbele ya yadi ya tajiri wetu. Tangu malori yaliyokwisha tumika ng'ambo yaanze kumiminika nchini, matairi chakavu yamejaa humo. Basi akataka tupunguze kokoto, nafasi yake tuweke mpira. Tuliukata kwa visu vya washona katambuga, vile viatu vya matairi, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Msimamizi wetu, mzee Masanja, aliniahidi: lori la mawe likipita juu ya kipande hiki salama, naenda nyumbani.

Mke wangu, Sabina, alishatuma neno kwa makondakta wa mabasi. Kaka zake wamesema nisipoonekana shambani msimu huu wa kupanda, wanamrudisha kwao.

Kwa hiyo siku ya kumwaga nilikuwa na haraka. Zege lilikuwa zito, Masanja ameenda kula. Nikalimwagia ndoo ya maji, kama tunavyofanya siku zote ili lilainike. Lakini mpira si kokoto. Ukaelea juu, mweusi, kama mbegu za papai.

Nikausawazisha kabla Masanja hajarudi.

Jana lori lilipita. Magurudumu yakachimba mifereji miwili.

Masanja akainama, akashika kipande cha mpira. "Mngoni, nilikuagiza zege, wewe umenipikia uji?"

"Nisamehe, mzee."

"Msamaha haubebi lori. Vunja, tumwage upya. Ukimaliza, ndiyo uniulize habari za Songea."

Leo nimeshinda na nyundo. Zege la kawaida ukilipiga linapasuka. Hili linairudisha nyundo mpaka bega linakufa ganzi. Hata likitoa ufa, mpira unashikilia vipande visiachane. Wenzangu wanacheka: "Limevaa katambuga hilo, litakimbia na wewe!"

Nilipotaka lishike, halikushika. Sasa nataka liachie, haliachii.

Kesho naendelea kuvunja. Kisha kumwaga, bila haraka, kisha kulilowesha kila siku mpaka likomae.

Asubuhi nitapita stendi nimpe kondakta neno la kweli. Sabina, kupanda sitawahi. Nitafika Januari, wakati wa palizi. Kama utakuwa umeshachukuliwa, nitapalilia kwanza ulichopanda, halafu nikufuate kwenu.