Mama Anapiga Kengele

Mdogo wangu Marcy,

Huku Tulsa jua limeunguza nyanya zangu zote, na paka uliyeniachia amenenepa kama mto wa kulalia. Mimi mzima.

Umesikia Dwayne, yule mume niliyemwacha kwa kunipiga, katoka jela. Ndiyo maana kila asubuhi kabla ya kazi naacha risasi jikoni, kwenye kopo la biskuti, naingia chumba cha kufulia na bastola tupu. Mkono wa kushoto unapandisha shati, wa kulia unachomoa, kidole kimenyooka ubavuni mwa bastola, hakigusi kifyatulio. Mara hamsini. Mwalimu wangu wa shabaha, Bwana Hutchins, hunitania: "Polepole, dada! Unachomoa bastola au unafukuza nyuki?"

Jumapili, baada ya kanisa, nilikuwa jikoni nayo kiunoni, safari hii ina risasi. Mlango wa nyuma ukafunguka ghafla. Sikufikiri. Nilipozinduka nilikuwa nimemlenga Mama kifuani, naye kashika pai ya pichi. Kidole kilikuwa bado ubavuni. Nakuapia, Marcy, hakikugusa.

"Weka hicho kitu chini, Verlene," akasema taratibu. Tukala pai, akaniuliza habari za nyanya.

Nilipomsimulia Bwana Hutchins, alisema sasa nimeiva.

Mama alikuwa hajawahi kubisha hodi mlangoni kwangu maisha yake yote. Siku hizi anapiga kengele, anarudi nyuma hatua mbili, anasimama mikono wazi, na kuita, "Ni mimi, mwanangu. Ni mama yako tu."

Dada yako,
Verlene